Kandambili za Mashine Namba Nne

Mashine namba nne ilimng'ata mkaguzi wa umeme saa nne na robo asubuhi, mbele ya wateja sita, na kwa haki haikumwonea. Alikuwa ameonywa. Kinyozi wa jirani, ambaye huwaacha watu wake na nusu ya kichwa ili aje kucheza raundi moja ya gemu, alimwambia, "Mheshimiwa, hiyo haiegemewi bila kandambili." Mkaguzi alimtazama jinsi watu wa ofisini wanavyowatazama watu wasio na faili mkononi, akaweka kiganja chake juu ya kimlango cha chuma cha kuingizia sarafu, akaanza kuuliza mwenye ukumbi yuko wapi.

Hakumaliza kuuliza. Mkono ulirudi wenyewe, kiwiko kikapiga mashine namba tano, faili likaruka, na karatasi zenye mihuri zikatua moja moja kwenye sakafu iliyokuwa imetoka kupigwa deki. Mkaguzi alitoa sauti ambayo mtu mwenye cheo haitoi hadharani.

"Si nilimwambia?" kinyozi akamgeukia mtu wa karibu.

"Hakuvaa," yule mtu akajibu.

Kandambili zenyewe zilikuwa palepale chini, mbele ya mashine, zimepangwa pamoja kama zinasubiri mtu ashuke kitandani. Za bluu, za kike, kisigino kimelika, na kamba ya kushoto imeungwa kwa waya. Kila aliyetaka kucheza namba nne alivua viatu vyake, akaingiza vidole, akacheza. Wanaume wa miguu mikubwa walisimama visigino vikining'inia nje. Hakuna aliyeona ajabu. Kwao kandambili zilikuwa sehemu ya gemu, kama kile kijiti cha kuongozea na vile vitufe vitatu vyekundu, na wako walioapa kwamba bila hizo mtu hapati pointi hata angecheza kutwa.

Fundi mwenye ukumbi alitokea nyuma ya mashine namba mbili na bisibisi mdomoni.

"Wewe ndiye mwenye hiki kitu?" mkaguzi akauliza, huku anakitazama kiganja chake kama kimebadilishwa.

"Ndiyo."

"Mashine yako imenipiga shoti."

"Ni ndogo tu, mheshimiwa. Ya salamu."

Wateja walicheka, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Mkaguzi aliyepigwa na umeme peke yake angeweza kuongeleshwa. Mkaguzi aliyechekwa na kinyozi alikuwa amekwisha kuwa serikali. Aliamuru namba nne ifunguliwe nyuma. Humo ndani alikuta mambo ambayo fundi alikuwa ameyazoea kiasi cha kutoyaona tena: nyaya za umeme mkubwa zimekazwa kwa skrubu zilizo wazi kabisa, swichi iliyovaa utepe mweusi uliokwisha kubanduka, fyuzi isiyo na kofia. Kisha akainua plagi.

"Mguu wa tatu uko wapi?"

"Niliukata."

"Uliukata! Huo ndio unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ndio unaookoa maisha ya watu!"

"Soketi zina matundu mawili, mheshimiwa. Nami sikuzifunga mimi. Zilifungwa na watu wa ofisi yako, wakapiga na picha."

Mkaguzi akatoa fomu. Fomu ya mashine za gemu haikuwapo. Wakubwa wake walikuwa wamechapisha fomu za majokofu, za mashine za kuchomelea na za mashine za kusaga nafaka, wakaona nchi imekamilika. Akachagua ya kusaga.

"Unasaga magunia mangapi kwa siku?"

"Hatusagi."

"Fomu inauliza."

"Basi andika sifuri."

"Nikiandika sifuri, maana yake mtambo haufanyi kazi, na mtambo usiofanya kazi haukaguliwi."

"Andika moja."

"La nini?"

"Sasa unaniuliza mimi?"

Akaandika gunia moja la mahindi. Chini yake akaandika amri: nyaya zote zilizo wazi zifunikwe kwa vifuniko, mashine zote ziunganishwe na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ndani ya siku saba. Vinginevyo, mnyororo na kufuli mlangoni. Karatasi nyekundu akaibandika kwenye kioo cha namba nne, mahali ambapo kinyozi alikuwa ameandikwa bingwa kwa miezi kumi na moja mfululizo.

"Umenifunika," kinyozi akasema kwa uchungu wa kweli.

Ukumbi ule ndio uliolisha vinywa vitatu vilivyokaa katika vyumba viwili vya nyuma: fundi mwenyewe, binti yake, na Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu mke wa fundi. Mama Mdogo alikaa kaunta na kopo la sarafu, ulimi ukiwa tayari. Binti, watu wa ukumbini walimwita Milimita, kwa sababu hakuna kitu alichokitazama bila kutaka kukipima.

Chumbani kwake Milimita alikuwa na printa ya plastiki. Aliinunua ikiwa mfu kutoka chuo kimoja ambacho wakubwa walikifungua kwa mbwembwe na kukifunga kimyakimya, akaifufua kwa vipuri alivyookota. Ilikula uzi wa plastiki kutoka kwenye bobini, ikauyeyusha, ikaupanga tabaka juu ya tabaka, taratibu kama mtu anayesuka ukili, mpaka kitu kikasimama. Mpaka siku ile ilikuwa imezaa vibanio vya nguo, kishikio cha mlango wa choo, na sikio jipya la jagi la Mama Mdogo.

"Vifuniko nitavitengeneza mwenyewe," Milimita akasema jioni hiyo wakila, nakala ya karatasi nyekundu ikiwa katikati ya meza kama mgeni asiyekaribishwa. "Kifuniko cha zile skrubu, cha swichi, kofia za fyuzi, na kibanio cha kushika kamba ya umeme isivutike. Vitu vinne kwa kila mashine. Mashine saba. Ishirini na nane."

"Dukani havipo?" Mama Mdogo akauliza.

"Kiwanda kilichotengeneza hizi mashine kilikufa mimi sijazaliwa."

"Fundi mwenye leseni je?"

"Nilimuuliza," baba akasema. "Anataka bei ya mashine mbili ili azifunike saba. Nikamwambia basi achukue hizo mbili, azifunike kwake."

Milimita alichomoa kalamu sikioni. "Tutaanza na namba nne."

"Namba nne iache."

"Baba! Ndiyo iliyomng'ata."

"Anza na nyingine. Namba nne ina kandambili zake."

Mama Mdogo aliweka kijiko chini. 

Kazi ilianza kwa ugomvi wa vipimo. Milimita alikuwa na kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili inayobana kitu na kusema ukubwa wake bila huruma. Lakini mchana alikuwa kazini, akiuza madaftari na kutoa fotokopi katika duka la watu, kwa hiyo alimwachia baba yake apime swichi zote na kumwandikia. Aliporudi alikuta karatasi safi, yenye mstari na kichwa cha habari.

"Baba, hii nini? 'Swichi: pingili mbili na nusu.'"

"Za kidole gumba."

"Za kidole gumba cha nani?"

"Changu. Wewe unafikiri ningeazima?"

"Kalipa nilikuachia hapo mezani!"

"Ile yenye mdomo? Imenibana ngozi nikaiweka chini. Nimefunga umeme kwa kidole hiki miaka thelathini, haujawahi kulalamika."

"Haulalamiki wewe. Wanalalamika wanaoguswa nao!"

Mwishowe alimketisha kwenye stuli na kukipima kidole gumba chake kwa kalipa, pingili kwa pingili, ili ageuze hesabu yake yote kuwa milimita. Mama Mdogo alichungulia mlangoni, akauliza kama kidole nacho kinatengenezewa kifuniko.

Kifuniko cha kwanza kilitoka cha rangi ya waridi, maana bobini iliyobaki ilikuwa ya waridi. Kilikuwa kizuri. Kiliingia kwenye namba moja kwa mlio mdogo wa kukaza, skrubu zote zikapotea nyuma yake, na fundi, aliyekuwa ameapa hatasifu, alikibonyeza mara tatu kwa dole lile lile lililopimwa. Wakawasha mashine asubuhi. Kufika saa tisa, baada ya transfoma ya ndani ya mashine kupata joto, wakafungua nyuma. Kifuniko kilikuwa kimelegea, kimejikunja, kimening'inia nje.

"Hicho ni kifuniko," Mama Mdogo akauliza, "au ulimi wa mbwa?"

Milimita alikaa chini sakafuni. Siku mbili zilikuwa zimekwenda, na nusu ya uzi. Yeye mwenyewe alijua kwamba plastiki ile hulainika kwa joto. Alijua siku zote, alikuwa amewahi hata kuwaeleza wateja, lakini katika haraka ya siku saba alikuwa amekifikiria kidole cha baba yake na kuisahau transfoma.

"Kuna uzi mwingine, mgumu, unaovumilia joto," akasema. "Na kifuniko kisikae karibu hivi na transfoma. Nitakisogeza, nikiachie na matundu membamba ya kupumulia, yasiyopitisha kidole."

"Ni bei gani huo uzi?"

Akataja. Fundi akatazama dari. Mama Mdogo alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na jagi lenye sikio la kuchapishwa. Akalikung'uta mezani. Noti zilizokunjwa mara nne zikaanguka.

"Nilikuwa naweka za viatu," akasema. "Hivi vinanibana tangu mwaka juzi. Acha vinibane. Nikifungiwa ukumbi sitakuwa na pa kuvivaa."

Ethi ilichimbiwa siku ya nne. Fundi alishindilia fimbo ya shaba nyuma ya ukumbi, chini ya bomba linalovuja ambapo ardhi haikauki, huku kinyozi amesimama kumsimamia na mkasi mfukoni.

"Zamisha, Fundi. Bado inaonekana."

"Shika wewe nyundo."

"Mikono yangu ni ya kazi nyepesi. Sikia, Fundi, ethi ikishafungwa, rekodi yangu haitafutika?"

"Ethi haijui rekodi."

"Na mashine haitapoa? Maana mimi nikicheza namba nne nasikia ule mwasho mdogo kwenye vidole. Ndio unaniambia adui anatokea kulia."

Fundi alishusha nyundo. "Huo mwasho ni umeme unapita mwilini mwako, ndugu yangu."

"Kumbe!" kinyozi akasema. Alifikiri. "Pamoja na kandambili?"

"Zimelika. Zimebaki kama karatasi."

Kinyozi aliondoka bila kuaga. Baada ya muda mfupi alirudi na kikata-umeme kipya ndani ya boksi lake, kile kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Alikuwa amekinunua kwa ajili ya kibanda chake na kukiweka mpaka atakapopata muda. "Fungeni hiki," akasema. "Mimi nina mke." Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

Jioni hiyo hiyo Milimita alifungua nyuma ya namba nne bila kuomba ruhusa. Namba moja, mbili, tatu, tano, sita na saba zilikuwa zimekwisha kuvaa: vifuniko vyeusi, vigumu, vimekaa mbali na joto, kila kimoja kimechapwa herufi zilizovimba: UMEME NDANI. CHOMOA KWANZA. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini kabisa ya kabati kutafuta mahali pa kushikiza waya, na mkono ukakuta mfuko wa plastiki.

Ndani ya mfuko kulikuwa na waya wa kijani wenye mstari wa njano, mita tatu, umefungwa kwa mpira, haujawahi kunyooshwa. Na kipande cha karatasi ya daftari chenye mwandiko alioufahamu, ule wa kuegemea kushoto, ulioandika orodha za sokoni kwa miaka yote ya utoto wake. Kiliandikwa: Waya wa ethi. Namba nne. Leo, si kesho.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ulijua uko humu?"

"Nilijua."

"Mama aliununua yeye?"

"Aliununua yeye. Hiyo mashine ilipoanza kung'ata, alivua kandambili zake palepale kaunta, akampa mteja. Akasema, vaa hizi mpaka fundi wangu apate nafasi."

"Miaka mitatu, Baba. Hii ni kazi ya dakika ishirini!"

"Ishirini na tano. Skrubu ya kimlango cha sarafu ina kutu."

Milimita alimtazama. Fundi hakuwa mtu wa maneno, na haya yalimtoka kama msumari uliopinda, kwa kuvutwa. Alisema wiki ile hakupata nafasi. Wiki iliyofuata mama akashikwa na homa. Huo ulikuwa mwaka ambao hospitali ilipakwa rangi mpya kwa ajili ya ugeni wa wakubwa, kuta zikang'aa, mapazia yakawekwa, na dirisha la dawa likaandikwa dawa hakuna. Fundi alirudi kutoka mazishini akakuta kandambili ziko mahali zilipoachwa, na mtu amezivaa, anacheza. Alitaka kumfukuza. Halafu akaona zinatembea. Zinapanda na kushuka kidogo, kama alivyokuwa akizipandisha mkewe akisimama kuhesabu sarafu.

"Nikifunga huo waya," akasema, "zile kandambili zitakuwa na kazi gani tena?"

Milimita alikuwa na kipimo cha kila kitu ndani ya chumba kile. Cha hili hakuwa nacho. "Sijui, Baba," akasema.

"Mimi najua kitu kimoja," Mama Mdogo akasema kutoka kaunta, ambako alikuwa akijifanya kuhesabu. "Dada yangu alizivua ili mtu asiumie. Hakuzivua ili watu waje kuumia kidogo kidogo kwa heshima yake. Shemeji, huo waya aliununua kwa hela yake ya kusuka nywele. Utaukalia mpaka lini?"

Fundi alichukua bisibisi. Dakika ishirini na tano zilipita, na nyingine kumi, kwa sababu skrubu ya kimlango ilikuwa na kutu kweli. Milimita akaweka mita yake ya kupimia umeme kati ya kimlango cha sarafu na ardhi. Ikasoma sifuri. Akapima mara ya pili na ya tatu. Baba yake hakutaka kugusa. Alisema amechoka, akaingia kulala. Kandambili aliziacha palepale.

Siku ya saba mkaguzi alikuja na mnyororo ndani ya mfuko wa sokoni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Hakuna aliyekuja kucheza, wote walikuja kutazama. Mama Mdogo alikuwa amepiga deki upya, kwa makusudi, na maji yalikuwa bado yanang'aa.

Mkaguzi alifunguliwa mashine moja baada ya nyingine. Alichungulia. Aligonga vifuniko kwa kalamu. Alivuta kamba za umeme, vibanio vikazishika. Alisoma UMEME NDANI kwa sauti, kama mtu anayejaribu miwani.

"Hivi vimetoka kiwanda gani?"

"Chumba cha nyuma," Milimita akasema.

"Chumba cha nyuma si kiwanda."

"Agizo lako linasema vifuniko. Halikusema kiwanda. Nimelisoma mara nne."

Mkaguzi alilisoma mwenyewe, na likawa kweli halikusema. "Sawa. Sasa tupime namba nne kama inavuja." Akatoa testa yenye taa ya kuonyesha umeme, akaigusisha kwenye soketi ili aone kama ni nzima. Taa haikuwaka. Akaipiga kwenye kiganja, haikuwaka.

"Betri," akasema chini kwa chini. "Tuliomba tangu mwaka jana."

"Nina mita yangu," Milimita akasema. "Inasoma sifuri. Tazama."

"Hiyo haijasajiliwa. Kisheria nikikosa kifaa, napima kwa kugusa." Alipolitaja neno kugusa, mkono wake wa kulia ulirudi nyuma ya mgongo wenyewe. "Mwenye mashine aguse kwanza."

"Mkaguzi ni wewe," kinyozi akasema. "Yeye kazi yake kutengeneza."

"Nyamaza wewe. Huna nusu ya kichwa cha mtu inayokusubiri?"

"Ninayo. Naye amekuja kutazama." Na kweli, mtu mmoja nyuma ya umati aliinua mkono, upande mmoja wa kichwa umenyolewa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkaguzi akaona atachekwa mara ya pili katika wiki moja, tena akiwa na mnyororo mkononi. Akatazama sakafu yenye maji, soli za viatu vyake zilizotoboka, kisha akaona kandambili.

"Nitagusa," akasema. "Lakini nipeni hizo nivae."

Hapo Mama Mdogo na Milimita walimtazama fundi. Wiki nzima ndiye aliyekataa ziondolewe. Zilikanyagwa na watu wa kila saizi, akaridhika. Alikuwa na nafasi ya kusema karibu, vaa, na mambo yangekwisha, na kandambili zingeendelea na kazi yake, sasa kwa idhini ya ofisi.

"Hapana," fundi akasema.

"Hapana nini?"

"Hazivaliwi tena hapo. Ukizivaa hutakuwa umepima mashine, utakuwa umepima kandambili."

Akaketi kwenye stuli, akavua viatu, akavua na soksi, moja ikiwa na tundu la kidole gumba kile kingine, cha mguuni. Akasimama peku kwenye maji. Akaweka viganja vyote viwili kwenye kimlango cha sarafu, akavibonyeza.

Mashine ikaendelea kupiga ule muziki wake wa kuita wachezaji. Fundi alisimama. Alikuwa akiungoja ule mwasho, bila kujua kwamba anaungoja. Chuma kilikuwa cha baridi, kimetulia, kama chuma kingine chochote. Hakikusema kitu. Alibonyeza zaidi. Kikabaki kimya. Ndipo machozi yakaanza kumtoka, mwanzo jicho moja, kisha yote mawili, na hakuondoa mikono ili ayafute.

Mkaguzi alichomoa kalamu mbio. "Imemuuma!" akasema. "Mnaona? Mtu analia. Naandika inavuja."

"Haikumuuma," Mama Mdogo akasema.

"Sasa analilia nini?"

"Hiyo fomu yako ina nafasi ya kuandika jambo hilo?"

Mkaguzi aliitazama fomu ya kusaga nafaka, mbele na nyuma. Kulikuwa na nafasi ya magunia, ya makonzi, ya idadi ya mikanda. "Haina," akakiri.

"Basi andika haikumuuma."

Alisimama na kalamu hewani. Kisha, kwa namna ya mtu anayeingia maji ya baridi, aliunyoosha mkono wake wa kulia, akafumba macho, akaweka kidole kimoja karibu na viganja vya fundi. Akafumbua jicho moja. Akaweka kidole cha pili. Akaweka kiganja chote. Walisimama hivyo wawili, mmoja peku na mmoja ana soli zilizotoboka, kama watu wanaokula kiapo.

"Haiumi," mkaguzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa.

Akaandika. Akapiga muhuri. Karatasi nyekundu ikabanduliwa, na jina la kinyozi likatokea tena kwenye kioo. Akiwa mlangoni, mfuko wa mnyororo ukimgonga goti, mkaguzi alimwita Milimita pembeni, lakini si mbali vya kutosha.

"Dada yangu, hivi vifuniko... Pale ofisini, swichi ya taa ya kaunta yetu haina kava. Nilipohamishiwa hapa nilikuta hivyo. Mimi huiwasha kwa rula."

"Lete kipimo," Milimita akasema. "Cha rula hiyo hiyo. Usilete cha kidole."

Kinyozi alicheza wa kwanza, na viatu vyake miguuni. Aliuawa mara tatu kabla hata muziki haujabadilika. "Nilisema itapoa," akawaambia watu. "Adui anatokea kulia na mimi sina habari!" Akadai arudishiwe sarafu. Mama Mdogo akamwonyesha mlango, na mteja wake wa nusu kichwa akamshika mkono kumrudisha kibandani.

Fundi alikuwa amevaa soksi. Aliinama akaziokota kandambili, akazipangusa maji kwa shati lake, moja na ya pili. Akasimama nazo katikati ya ukumbi kama mtu aliyeshika mtoto wa watu na hajui mama yake yuko wapi.

"Lete hapa," Mama Mdogo akasema.

Akaviondoa viatu vyake vinavyombana, akavisukuma chini ya kaunta kwa kisigino. Fundi akaziweka kandambili mbele ya kiti. Zilimwingia sawasawa bila kisigino kuning'inia, kwa maana miguu ile na ile iliyozizoea ilizaliwa na mama mmoja. Akakanyaga, akapandisha visigino, akashusha, akavuta kopo la sarafu.

"Kamba ya kushoto imelegea," akasema.

"Nitaiunga."

"Lini, Shemeji?"

Fundi alikuwa amekwisha kupiga magoti, koleo mkononi. "Leo," akasema. "Inua mguu."